Folda ya Adriano

Habari kwamba Adriano amepigwa na kiharusi kule Kabwe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ilimfikia mdogo wake Adela akiwa dukani kwake Kizwite, mjini Sumbawanga, anapitisha nakala ya cheti cha mteja kwenye mashine ya lamineshini. Aliyeileta ni dereva wa fuso la dagaa. Alisema mgonjwa anasikia kila kitu ila hawezi kutamka neno, na mkono wa kulia umelala. Adela akaendelea kuisukuma ile nakala mpaka ikajikunja ndani ya mashine, na mwenye cheti, alipouona uso wake, akaizima mashine mwenyewe.

Ndugu hawa walikuwa hawasemeshani tangu mama yao azikwe. Mama alifia nyumbani Msanzi, masika, wakati Adela yuko Mpanda kwa binti yake Herieth aliyekuwa amejifungua. Mvua ilikuwa imekata barabara. Adela alipiga simu akasema nisubirini, nakuja hata kwa miguu. Adriano ndiye mkubwa, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale msibani, na neno lake likawa mama azikwe. Adela alifika akakuta udongo bado mbichi na majirani wanakunja majamvi.

Sababu aliijua, tusimsingizie ujinga. Kijijini hapakuwa na jokofu na maiti ilikuwa imeanza kuharibika. Lakini ukimwambia hivyo alikujibu kwamba siku moja zaidi isingemuua mtu, na hapo mazungumzo yaliishia. Palepale kaburini akampa kaka yake kisogo. Alipofika mjini akamfungia namba kwenye simu.

Adriano hakukata tamaa. Juu ya mlango wa duka la Adela kulikuwa na kibao kikubwa, kimeandikwa fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti, na chini yake anwani ya barua pepe ambayo wateja walitumia kutuma kazi zao kabla ya kuja kuzichukua. Basi kaka mtu akaanza kuandika kupitia mlango huo. Barua ya kwanza ilipoingia, katikati ya vyeti na kadi za harusi za watu, Adela alimwita Limbu, fundi wa kompyuta, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe wao. Akamwambia atengeneze folda, na kila kinachotoka kwa Adriano kiingie humo moja kwa moja kisipite mbele ya macho yake.

Ikawa hivyo miaka yote. Pembeni mwa skrini kulikuwa na jina Adriano, na mbele ya jina ile namba iliyokozwa ya barua ambazo hazijafunguliwa, inapanda taratibu. Adela hakuzisoma. Hakuzifuta pia, na hilo tumhesabie, maana ndilo pekee linalomtetea. Kila mwaka alijiambia atazisoma Kwaresima, akiwa ametulia. Kwaresima ikaja, akafunga, akatubu vidogo vidogo, Pasaka ikafika, akapika wali, na namba ikaendelea kupanda.

Sasa kaka amepoteza sauti. Mteja alipoondoka na nakala nyingine ya cheti chake Adela alikaa kwenye kigoda nyuma ya printa akalia. Halafu akapanga. Jumamosi atakwenda Kabwe, lakini kabla ya hapo atasoma barua zote, moja baada ya nyingine, hata kama atafunga duka. Hawezi kwenda kukaa mbele ya mtu asiyeweza tena kusema bila kujua alisema nini alipokuwa anaweza. Akishajua, atamjibu kwa mdomo wake, na amjibu mapema, kwa sababu kiharusi hakina miadi na mtu.

Hapo angekaa tu akafungua folda, hadithi ingeishia hapa na sisi tungekwenda zetu kulala. Tatizo ni ile kompyuta. Ilikuwa imezeeka, feni inapiga kelele, ikifungua kitu kimoja inaganda mpaka uizime na kuiwasha. Mpya alishainunua, iko ndani ya boksi chini ya meza. Ya zamani alikuwa ameiahidi chekechea ya parokia, na mwalimu Yonas alikuwa anakuja kuichukua Alhamisi. Adela akaona ahamie kwanza kwenye mashine mpya, kisha asome kwa raha bila kuganda-ganda.

Alimpigia Limbu simu.

"Shikamoo mama," Limbu alisema. "Niko Laela, kuna printa ya shule inanitoa jasho. Nisubiri mpaka Ijumaa, nitakuja kuhamisha mwenyewe. Ile programu ya barua pepe usiiguse, mama. Barua zako haziko mtandaoni. Tuliiamuru izichukue na kuzifuta huko, unakumbuka, picha za wateja zilikuwa zinajaza sanduku. Kila kitu kiko ndani ya mashine hiyo hapo mezani."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Lakini Adela alianza kazi na taipureta kwenye ofisi ya serikali, zile za kupiga mpaka vidole vinauma, akahamia kompyuta wakati nusu ya mji inaziogopa, na hapo Kizwite yeye ndiye aliyewafundisha wengine kushika kipanya. Kumsubiri Limbu mpaka Ijumaa kwa jambo la kuhama tu aliona ni kujidharau. Akachomeka flashi. Akakishika kile kipicha cha bahasha alichokuwa anakibonyeza kila asubuhi kufungulia barua zake, akakinakili kwenye flashi. Kiliingia mara moja. Alishangaa kidogo kwamba miaka yote ile imeingia upesi namna hiyo, halafu akajiambia flashi za siku hizi ni nzuri.

Kwenye mashine mpya kipicha kikakataa kufunguka. Hakubabaika. Akaipakua programu yenyewe, akaiwekea anwani ya duka na nywila, na hapo barua zikaanza kushuka. Barua ya mtu anayetaka nakala za waraka wa kanisa, mwenye kadi ya ubarikio, mwanafunzi na ripoti yake ya mazoezi. Zote za asubuhi ile. Adela akafurahi. Akasema za zamani zitafuata, mtandao wetu unajulikana, leo mawingu yameshuka mpaka kwenye paa.

Kisha akafanya lile ambalo, mpaka leo, akilikumbuka anashika kichwa.

Mama yao aliwalea kwamba kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Ukimpa jirani chungu, unakisugua kwa mchanga na majivu mpaka masizi yatoke. Ukitoa nguo, unaifua na kuikunja. Kwa Wafipa wa rika lake hilo halikuwa jambo la kujadili, na mtu aliyetoa kitu na uchafu wake alisemwa mpaka kwenye pombe za ulezi. Sasa yeye atawapa watoto wa chekechea mashine iliyojaa mikataba, picha za marehemu na barua za watu? Akaifuta nje kwa kitambaa chenye sabuni, akazipangusa herufi moja moja kwa kijiti cha pamba. Akaingia na ndani. Folda baada ya folda alizifuta, akaenda kwenye kapu la takataka akalimwaga, akarudia kuangalia kama kuna kilichobaki. Alipomaliza kompyuta ilikuwa nyeupe pee. Aliitazama akajisikia vizuri, nasikitika kusema. Alhamisi mwalimu Yonas akaipakia kwenye bajaji akaenda zake, anashukuru mpaka barabarani.

Ijumaa Limbu alifika. Adela alikuwa mbele ya mashine mpya tangu alfajiri, anangoja folda ya Adriano itokee.

"Shikamoo mama. Ulihama mwenyewe?"

"Marahaba. Nilihama, ila za zamani bado zinashuka."

Limbu akakaa. Akaitazama flashi, akafungua kile kipicha cha bahasha, akakuna shingo. Alikuwa kijana mwenye adabu na neno lilimwia gumu.

"Mama, hiki ni kibao cha mlangoni tu. Nyumba yenyewe, na barua zako zote ndani yake, imebaki kule. Ile mashine iko wapi?"

Walikwenda chekechea kwa pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva mmoja, Adela mwanamke wa heshima zake ameshikilia koti la Limbu. Watoto walikuwa wameizunguka kompyuta wanabonyeza picha ya kuku, na kuku anawika. Mwalimu Yonas alisema kwa furaha kwamba fundi wake ameshaipiga windozi upya, sasa inakwenda vizuri, mama Mungu akubariki sana. Limbu akaomba aichukue kwa siku moja. Alihangaika nayo dukani mchana kutwa kwa programu za kufukua vilivyofutwa. Alifukua picha za pasipoti za watu wasiojulikana, nusu ya barua ya kuomba kazi, na ratiba ya kwaya. Ya Adriano hata mstari mmoja haukupatikana.

"Mwenyewe hana kwenye simu yake?" Limbu aliuliza.

Adela alimfungulia kaka yake namba siku hiyo. Simu haikupatikana. Akampigia mke wa kaka, Coleta, akajifanya anauliza hali ya mgonjwa, akachomekea na habari za simu. Coleta akasema simu ilizama ziwani, alikuwa nayo mfukoni alipoanguka kutoka ukingoni mwa boti. Na nywila ya barua pepe yake, kama ilikuwepo, ilikuwa kichwani mwa Adriano, kwenye kichwa kisichoweza tena kuitamka. Adela akasema pole wifi, nakuja kesho.

Angemwambia pale pale, "Wifi, sikuzisoma, na sasa nimezifuta." Sentensi fupi tu. Lakini mdomo ulikuwa mzito. Miaka yote ile kunyamaza kwake kulikuwa na heshima fulani machoni pake, kunyamaza kwa mtu aliyeumizwa. Akisema hakufungua hata moja, ataonekana mtu wa namna gani?

Basi la Kabwe lilimshusha mchana, jua la ziwani linachoma, yeye na sweta lake la Sumbawanga mkononi. Adriano alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi. Alikuwa amepungua, upande mmoja wa mdomo umeshuka. Alipomwona dada yake machozi yakamtoka bila sauti. Adela akapiga magoti kando ya kitanda akamshika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, na wote wawili wakalia. Kwa muda huo mambo yote yalikuwa sawa, na laiti angenyamaza tu.

Coleta akaja akasimama miguuni pa kitanda.

"Wifi, barua zake ulizipata?"

"Nilizipata."

"Zote?"

"Zote. Nilizisoma zote, kaka."

Adriano akamkazia macho. Coleta akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Basi unajua. Kila barua aliimalizia kwa swali lilelile, alikuwa ananisomea kabla ya kutuma. Tangu aanguke ananiuliza kwa macho tu kama umejibu. Nami nikamwambia Adela akija atakujibu mwenyewe. Mjibu, wifi. Anasikia."

Hapo ndipo pa kusema. Adela akaushika vizuri mkono wa kaka yake. Akajiuliza, mtu aliyekosa, anayemwandikia dada yake mwaka baada ya mwaka bila kujibiwa, anauliza nini? Anauliza, je, umenisamehe. Kuna swali lingine? Akaona jibu ni jepesi na ni la kweli, na akilitoa hakuna atakayejua habari za kompyuta.

"Ndiyo, kaka," alisema, na akausogeza uso wake karibu. "Jibu langu ni ndiyo. Kwa moyo wangu wote."

Adriano alimtazama muda mrefu. Kisha akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mikono ya dada, akaupigapiga ule wa Adela, mara moja, mbili, kama unavyomtuliza mtoto, akageukia ukutani. Coleta akatoka nje. Adela alidhani amekwenda kulia kwa furaha. Akalala siku moja pale, akampikia kaka yake uji wa ulezi aliokuja nao, na aliporudi Kizwite moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko tangu mama afe. Limbu alimuuliza safari ilikuwaje, akasema Mungu mkubwa, tumepatana.

Adriano alifariki wakati watu wanavuna ulezi. Coleta ndiye aliyepiga simu. Alieleza kwa utulivu jinsi alivyolala hakuamka, kisha akasema kaburi limeshachimbwa, pale pale Kabwe, ila wanamngoja.

"Kabwe?" Adela aliuliza. "Kwa nini azikwe Kabwe, wifi? Baba na mama wako Msanzi. Mahali pake pako, kando ya mama, kila mtu anajua."



"Wifi, si ndivyo ulivyomjibu?"

"Nilimjibu nini?"

"Swali lake. Alikuandikia hivi: 'Mdogo wangu, mimi sikukusubiri ili umwone mama, najua ukienda kaburini hutaki kunikuta. Je, unataka nikifa nizikwe huku Kabwe, ubaki na mama peke yako?' Kila barua aliuliza hilo. Ukamwambia ndiyo, kwa moyo wako wote." Coleta akavuta pumzi. "Sikukulaumu, wifi. Uchungu wako ni wako. Aliacha ishara kwamba tusimfukie mpaka ufike. Kwa hiyo njoo, tunakusubiri."

Adela alisafiri asubuhi yake.  Alikuta watu wamekaa kivulini tangu juzi yake, katekista amechoka, jeneza ndani, vijana wamelala kando ya koleo zao. Walikuwa wamemsubiri kweli. Alphonce, mtoto mkubwa wa marehemu, akaja kumpokea begi.

Hakumpa. Alisimama mbele ya watu wote na begi lake mkononi akasema. Akaeleza folda, kipicha cha bahasha, kompyuta aliyoiosha kwa ajili ya watoto wa watu. Wazee wengine hawakuelewa habari za flashi, lakini walielewa aliposema hakufungua barua hata moja, wala alipopewa nafasi ya kuuliza hakuuliza. Akasema kaka yake ni wa Msanzi. Akaomba asizikwe pale.

"Kwa hiyo shangazi," Alphonce alisema polepole, "ulimjibu baba swali usilolijua?"

"Ndiyo," Adela alijibu.

Alphonce alimtazama, kisha akaenda kuwaamsha wenzake watafute gari.

Wazee walikaa kidogo wakakubaliana, kaburi lile wakalifukia wakiweka mgomba ndani yake lisibaki tupu. Jeneza likapakiwa kwenye pikapu, likapandishwa kutoka ziwani, Namanyere, Sumbawanga, mpaka Msanzi. Adela alikataa kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma, mkono juu ya jeneza, anaongea na kaka yake kwa Kifipa njia nzima, anamweleza kwamba ile ndiyo haikuwa ndiyo ya swali lake, kwamba yeye angesema hapana, angesema hapana hata kwa kupiga kelele. Vijana walitazama pembeni. Wakamzika kando ya mama, mahali pake, na watu wakasema angalau limekwisha vizuri.

Walipokuwa wananawa mikono Adela alimvuta Coleta kando.

"Wifi, niambie. Siku ile nilipoondoka, alifanya nini?"

Coleta alisita, lakini alikuwa ameulizwa.

"Alilia mpaka jioni. Kisha akaninyooshea mkono, nimtoe nje, akachague mahali pa kaburi. Tulimbeba kwenye kiti. Nilimwonyesha pazuri kando ya njia, akakataa kwa kichwa. Akachagua kule nyuma, kwenye mawe. Tukamuuliza kwa nini huko. Akaonyesha barabara, akaonyesha dirisha la chumba ulimokuwa umekaa, kwamba anakusema wewe, akafanya hivi kwa mkono." Coleta akausogeza mkono wake pembeni, kama mtu anayempisha mwingine. "Ili ukija kututembelea usilazimike kumpita."